Somo la Biashara: Mambo Sita Yatakayoibana Biashara Yako Siku Zijazo, na Namna ya Kujiandaa

Ukurasa wa masomo katika toleo hili ni wa wafanyabiashara wetu: mwenye duka la rejareja, mama mboga, muuza samaki, fundi wa jua kali, mwenye saluni, mwenye mgahawa na yeyote anayeamka alfajiri kufungua kibanda chake. Pia ni wa mtu anayefikiria kuanza biashara mwaka ujao.

Tunaanza na takwimu. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu lilifanya utafiti kuhusu biashara ndogo na za kati nchini Kenya. Lilikadiria kuwa zilikuwa milioni 7.4, nyingi kati yake zikiwa hazina leseni. Lilikadiria pia kuwa biashara milioni 2.2 zilifungwa katika kipindi cha miaka mitano. Sababu iliyotajwa zaidi na waliofunga ilikuwa ukosefu wa pesa za kuendeshea biashara, na gharama kupanda ikafuata miongoni mwa sababu kuu.

Kufungwa kwa duka hakumuumizi mwenye duka peke yake. Mwenye nyumba hukosa kodi yake, mtoto hukaa nyumbani kwa kukosa karo, mkulima hukosa mnunuzi, na kaunti hukosa ada inayolipia taa za soko. Ndiyo maana somo hili linatazama mbele.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza kusoma utaweza:
- kutaja mambo sita yanayoelekea kuibana biashara yako miezi ijayo;
- kukokotoa faida yako halisi baada ya gharama na kodi;
- kupima mkopo kabla ya kuuchukua;
- kujua wakati na mahali pa kutoa maoni yako kuhusu ada za kaunti.

Uwe na daftari, kalamu na simu ya kupigia hesabu.

DUKA LETU LA MFANO

Tutatumia duka moja la mfano katika somo zima. Ni duka la rejareja linalouza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vitu vidogo vidogo. Mwenyewe hufungua siku 26 kwa mwezi na huuza wastani wa shilingi 5,000 kwa siku. Hesabu yake ya mwezi ni hii:

Mauzo (5,000 x 26): 130,000
Bei ya kununulia bidhaa zilizouzwa: 110,500
Faida ghafi: 19,500
Kodi ya chumba: 5,000
Umeme: 1,500
Usafiri wa kuleta mali: 3,000
Leseni, usafi na vifungashio: 500
Jumla ya gharama: 10,000
Kinachobaki: 9,500

Hapa kuna jambo la kwanza la kujifunza. Jirani akipita na kuona shilingi 5,000 zikiingia kila siku atasema mwenye duka ni tajiri. Ukweli ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazoingia, shilingi 85 ni za kununulia mali nyingine, na baada ya gharama kinachobaki ni kama shilingi 7. Pesa iliyo kwenye droo si faida. Weka hesabu hii karibu, maana tutairudia.

JAMBO LA KWANZA: GHARAMA ZINAZOPANDA NA KUSHUKA

Mfanyabiashara wa Kenya ameyaona mengi kwa muda mfupi. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ya gari ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita moja ya petroli ilipita shilingi 200. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, kisha shilingi yetu ikapata nguvu na kurudi karibu 130. Bidhaa nyingi za dukani, kama mafuta ya kupikia, ngano na vipuri, hutoka nje ya nchi au hutengenezwa kwa malighafi ya nje. Kwa hiyo bei ya dola hufika hadi kwenye kibanda, hata kama mwenye kibanda hajawahi kuishika dola.

Bei ya mafuta hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na hudumu kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Iandike tarehe hiyo ukutani. Dizeli ikipanda, nauli ya kubeba mali itafuata. Katika duka letu, usafiri ukipanda kutoka 3,000 hadi 4,500, kinachobaki kinashuka kutoka 9,500 hadi 8,000. Hiyo ni sehemu moja kwa sita ya pato la mwenye duka, na bei yoyote dukani haijabadilika.

Kosa la kawaida wakati bei zinapanda ni kuuza mali ya zamani kwa bei ya zamani bila kufikiria mali mpya itanunuliwa kwa ngapi. Tuseme ulinunua pakiti 12 za unga kwa shilingi 1,500 na unaziuza zote kwa 1,650. Unaona faida ya 150. Unaporudi kwa muuzaji wa jumla unakuta bei imekuwa 1,620. Zile 1,650 zinakununulia pakiti 12 zilezile na kukubakishia shilingi 30. Faida yako imeliwa na bei mpya, na bado hujalipa chumba wala umeme.

Fanya hivi:
- Chagua bidhaa kumi unazouza zaidi. Kila wiki uliza bei yake ya jumla kwa wauzaji wawili na uiandike.
- Panga bei yako kwa kutazama bei ya kununulia mali ijayo pamoja na ile uliyonunulia iliyopo.
- Unganeni watatu au wanne wa mtaa mmoja mlete mali kwa gari moja.
- Usipunguze kipimo ili kuficha bei. Mizani ni lazima ihakikiwe na kupigwa mhuri kila mwaka na maafisa wa vipimo, na mteja anayegundua kilo imepungua humwambia jirani yake.

JAMBO LA PILI: KODI NA RISITI

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Viwango tunavyotaja ni vya kitaifa na vinasimamiwa na Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA. Sheria ya Fedha ya kitaifa huweza kuvibadilisha kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza Julai 1, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa.

Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo wengi huiita TOT. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Zingatia: ni asilimia 3 ya mauzo, wala si ya faida.

Duka letu linauza 130,000 kwa mwezi, sawa na 1,560,000 kwa mwaka. Limo ndani. Kodi yake ya mwezi ni 130,000 x 3 kwa mia = 3,900. Ukiitoa kwenye zile 9,500 kinabaki 5,600. Kodi imechukua takriban shilingi 41 katika kila shilingi 100 za faida.

Wengi hawajui kuwa sheria inaruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kuwa kwenye kodi ya mauzo, na badala yake alipe kodi ya mapato ya kawaida, inayotozwa kwenye faida. Linganisha:

Faida ya mwaka ya duka letu ni 9,500 x 12 = 114,000. Kodi ya mapato ya mtu binafsi kwa shilingi 288,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani 11,400 kwa duka hili. Lakini kila mkazi ana nafuu ya kodi ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Nafuu inazidi kodi. Ikiwa mwenye duka hana kipato kingine, hadaiwi kitu, ingawa ni lazima apeleke ritani yake kabla ya Juni 30 kupita. Kwa njia ya kodi ya mauzo angelipa 3,900 x 12 = 46,800.

Usikimbilie kuhama kabla ya kupiga hesabu yako mwenyewe. Chukua saluni yenye mauzo yaleyale ya 130,000 kwa mwezi, lakini gharama zake ni ndogo na humbakishia mwenyewe 60,000. Kwa mwaka ni faida ya 720,000. Kodi ya mapato ya kawaida baada ya nafuu ni kama 124,600, ilhali kodi ya mauzo ni 46,800. Kwa huyu, kodi ya mauzo ni afadhali sana. Kwa hiyo kumbuka: anayeuza kwa faida nyembamba apime kodi ya faida, na mwenye faida nene apime kodi ya mauzo.

Njia ya kodi ya faida ina sharti moja kubwa, nalo ni kumbukumbu. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa zile chache zilizotajwa na sheria. Unaponunua kwa muuzaji wa jumla, mpe namba yako ya PIN iandikwe kwenye risiti. Asiye na kompyuta anaweza kutoa risiti zake kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Ukinunua kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, sheria inaruhusu wewe mnunuzi umtolee risiti hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mali bila risiti hutozwa kodi kama vile yote ni faida.

Mwisho, mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka utatakiwa kujiandikisha kwa VAT, ambayo ni asilimia 16 kwa bidhaa zinazotozwa. Biashara inayokaribia hapo itafute ushauri mapema.

JAMBO LA TATU: GHARAMA YA MFANYAKAZI

Anayeajiri ajue kuwa mshahara si gharama yote. Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 18,000 kwa mwezi.

Anachokatwa mfanyakazi: NSSF asilimia 6 (1,080), tozo ya nyumba asilimia 1.5 (270) na bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 (495). Anapokea 16,155.

Anachoongeza mwajiri kutoka mfukoni mwake: NSSF 1,080, tozo ya nyumba 270 na tozo ya mafunzo ya viwandani shilingi 50. Jumla ni 1,400. Kwa hiyo mfanyakazi huyo anakugharimu 19,400.

Michango ya NSSF, SHIF na nyumba hupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kuchelewa huleta faini. Kukata na kutopeleka ni kosa baya zaidi, maana mfanyakazi huja kugundua akiwa hospitalini. Nawe uliyejiajiri usijisahau. Bima ya afya huhitaji mchango wako na wa jamaa yako, na biashara nyingi ndogo huisha mtaji kwa bili ya hospitali.

JAMBO LA NNE: MKOPO UNAOCHUKUA NA MKOPO UNAOTOA

Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024. Ilianza kuishusha Agosti mwaka huo, na kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 9.75. Riba ya Benki Kuu ikishuka, mkopo wa benki hufuata, ila polepole na si kwa kila mtu. Kama una mkopo wa benki uliochukua riba zikiwa juu, nenda ukaulize kama riba yako imepunguzwa. Kuuliza ni bure.

Mkopo wa simu una hesabu nyingine. Ukikopa 20,000 na kurudisha 22,000 baada ya siku 30, umelipa asilimia 10 kwa mwezi mmoja. Linganisha na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022, ambayo hutoza asilimia 8 kwa mwaka mzima, ingawa muda wake wa kulipa ni siku 14 na kiasi huanza shilingi 500. Tangu 2022 watoaji wa mikopo ya kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kabla ya kupakua programu yoyote ya mkopo, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Benki Kuu.

Je, mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi ni mbaya daima? La. Upime kwa mzunguko wa mali yako. Katika duka letu mali ya 20,000 huuzwa kwa kama 23,500, faida ghafi ikiwa 3,500.

Mfano A: mkopo umenunua unga na sukari, vinavyoisha kwa siku kumi. Kwa mwezi mali imezunguka mara tatu. Faida ghafi ni 10,500, gharama ya mkopo 2,000. Mkopo umefanya kazi.

Mfano B: mkopo umenunua sahani na ndoo, zinazochukua miezi miwili kuisha. Mkopo utabidi uongezwe muda, na gharama yake kuwa 4,000. Faida ghafi ni 3,500. Umefanya kazi miezi miwili na umepoteza 500.

Mfano C: mkopo umelipa karo. Karo ni muhimu, lakini haizunguki wala haileti faida mwezi ule. Mkopo utalipwa kwa kula mtaji wa duka. Karo iwekewe akiba ya chama au sacco.

Upande wa pili ni mkopo unaotoa wewe. Fungua daftari la madeni ujumlishe. Kama wateja wanadaiwa 19,000, basi hiyo ni faida halisi ya miezi miwili ya duka letu ikiwa mikononi mwa watu wengine. Weka kiwango cha juu kwa kila mteja na kwa duka zima. Deni la zamani lilipwe kabla ya jipya kuandikwa. Mteja mwema haudhiki na utaratibu anapoona unatumika kwa wote.

Wanaouza kwa serikali wana tahadhari yao. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, nayo ni nafasi nzuri. Lakini malipo ya serikali, ya kitaifa na ya kaunti, huchelewa. Madeni ya wazabuni katika kaunti nchini huandikwa katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na kila mwananchi anaweza kuzisoma. Kwa hiyo usipeleke bidhaa kwa neno la mdomo. Dai LPO iliyotiwa saini, pata hati ya kupokelewa kwa bidhaa, peleka ankara mara moja na ubaki na nakala ya kila karatasi. Na usichukue mkopo wa mwezi mmoja kwa kazi ambayo malipo yake huenda yakachukua miezi mingi.

JAMBO LA TANO: MVUA, UKAME NA MISIMU

Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za nchi. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara, na Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi. Anayeuza mboga aliona bei ikipanda mara mbili. Mwenye duka la mifugo alipoteza wateja walipopoteza mifugo. Mvua ikikata barabara, mali hukwama njiani, na mwenye jokofu hukosa umeme nyama na samaki wakiwa ndani.

Mambo haya hayazuiliki, lakini mengi hutabirika. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Wenzetu wa Pwani wanajua tangu zamani kuwa kusi likivuma vyombo vidogo hukaa ufukoni na samaki huadimika, na kaskazi likiingia samaki hurudi. Watalii nao hupungua wakati wa masika. Biashara yako ina kusi na kaskazi yake. Itazame katika daftari la mwaka uliopita: mwezi gani mauzo yalishuka, na mwezi gani yalipanda?

Fanya hivi:
- Katika miezi mizuri weka akiba ya gharama za angalau mwezi mmoja. Kwa duka letu ni shilingi 10,000. Ukiweka 100 kila siku ya kazi, utazifikisha kwa siku 100.
- Inua mali kutoka sakafuni. Mbao mbili na mawe manne huokoa magunia.
- Usitegemee muuzaji mmoja wala barabara moja.
- Anayeuza vya kuharibika anunue kidogo mara nyingi msimu wa mvua.

JAMBO LA SITA: ADA ZA KAUNTI NA SAUTI YAKO

Serikali ya kaunti nayo ni sehemu ya gharama zako, na ni haki yako kujua inapata wapi mamlaka ya kukutoza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kustawisha na kusimamia biashara, yakiwemo masoko na leseni za biashara. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo kila ada ya leseni unayodaiwa sharti iwe na sheria nyuma yake. Sheria ya Fedha ya kaunti ndiyo iliyoorodhesha ada. Unaweza kuiomba, kuisoma na kulinganisha na risiti yako. Kifungu cha 209 kinakataza pia kaunti kutumia uwezo wa kutoza kwa njia inayodhuru uchumi wa taifa au biashara inayovuka mipaka ya kaunti.

Mambo matatu ya kuzingatia:

Kwanza, lipa leseni mapema na kwa njia rasmi pekee. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata akiwa amevaa sare. Bila risiti, hukulipa. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye leseni yenyewe. Wanaouza chakula wakumbuke cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho hupimwa upya kila miezi sita.

Pili, fuata kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa mwelekeo wa fedha hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha wenye ada hufuata, nao sharti upitie ushirikishwaji wa umma. Anayelalamika Januari kuhusu ada iliyopitishwa miezi iliyotangulia amechelewa, na nafasi yake ya kuirekebisha ni mswada unaofuata.

Tatu, njoo na hesabu. Ukisimama katika kikao cha wadi useme "ada ni kubwa mno," utaandikwa pamoja na wengine hamsini waliosema hivyo. Ukisema "mimi na wenzangu kumi tunauza mboga, faida yetu ya siku ni kiasi hiki, na ushuru wa soko unachukua kiasi hiki, na choo cha soko hakina maji," umewapa wajumbe jambo la kujibu. Andikeni waraka mmoja wa kikundi, mtie saini na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

KALENDA YA MWENYE BIASHARA

Kila siku: andika mauzo, manunuzi na pesa ulizojitolea mwenyewe.
Kila tarehe 9: michango ya wafanyakazi.
Kila tarehe 14: bei mpya ya mafuta.
Kila tarehe 20: kodi ya mauzo.
Februari hadi Aprili: mwelekeo wa fedha na bajeti ya kaunti, jiandae kwa masika.
Juni 30: mwisho wa ritani ya kodi ya mapato.
Julai 1: mwaka mpya wa fedha, angalia mabadiliko ya sheria.
Oktoba: jiandae kwa vuli, anza kutenga pesa za leseni na karo ya Januari.

ZOEZI

Fanya zoezi hili wiki hii, peke yako au na wanachama.

1. Andika mauzo yako ya mwezi uliopita, kisha toa bei ya kununulia na gharama zote. Kinabaki ngapi katika kila shilingi 100?
2. Je, mauzo yako ya mwaka yanapita milioni 1? Kama ndiyo, kokotoa kodi yako kwa njia mbili tulizoonyesha. Ipi ni nafuu?
3. Mali yako huchukua siku ngapi kuisha? Mkopo ulio nao unalipwa kwa siku ngapi?
4. Jumlisha daftari la madeni. Ni faida ya miezi mingapi?
5. Usafiri na umeme vikipanda kwa robo kesho, bado utabaki na faida?
6. Ni ada gani ya kaunti unayoona haistahili? Andika sababu yako kwa namba.

Aliyeshindwa kujibu swali la kwanza asione haya. Aanze daftari leo, na mwezi ujao ataweza. Aliyejibu yote sita ajue amepiga hatua ambayo wengi hawaipigi hadi siku ya kufunga mlango.

Kwa maswali ya leseni, mizani, vyama vya ushirika na masoko, fika katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako au ya wadi. Kwa maswali ya PIN, eTIMS na kodi, fika katika ofisi ya KRA au Kituo cha Huduma kilicho karibu nawe. Beba daftari lako. Afisa atakusaidia vizuri zaidi akiona hesabu zako.